Nyuso Tatu za Richelieu

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii ilinijia nilipokuwa nikilinganisha picha mbili za mtu mmoja, zilizochorwa na mkono mmoja.

Mtu mwenyewe ni Kadinali Richelieu, waziri mkuu wa Mfalme Louis wa 13 wa Ufaransa tangu mwaka 1624. Taji lilikuwa kichwani mwa mfalme, lakini hatamu zilikuwa mkononi mwa waziri. Ndiye aliyeuzingira mji wa La Rochelle mwaka 1627, hata mwaka uliofuata ukasalimu amri kwa njaa. Mchoraji wake alikuwa Philippe de Champaigne, mzaliwa wa Brussels.

Picha ya kwanza ni kubwa, urefu wake wapita mita 2 na nusu. Richelieu amesimama, joho jekundu limemmwagika hadi chini, kofia ya ukadinali i mkononi. Tuzingatie kule kusimama. Kwa desturi ya siku zile makadinali walichorwa wameketi. Kusimama hivi kulikuwa kwa wafalme na watawala. Basi kabla hujautazama uso, umekwisha ambiwa huyu ni nani.

Picha ya pili ni ndogo, ilichorwa yapata mwaka 1642. Mna vichwa vitatu vya Richelieu yule yule: kimoja kati chatukabili, viwili vyaonyesha uso kwa ubavu. Haikufanywa ipambe ukumbi. Ilikusudiwa kupelekwa Roma, mchongaji aitazame apate kuchonga sanamu. Mchongaji hataki sifa, ataka kipimo: pua ilivyo, shavu lilivyobonyea, ndevu zilivyochongoka. Kwa hiyo hapa hapana kilemba cha ukoka. Ni mtu wa mvi, uso umekonda, macho yamechoka. Desemba ya mwaka huo akafariki, umri wake miaka 57.

Ajabu iko juu ya kichwa kimoja cha ubavuni. Pameandikwa kwa Kifaransa kwamba katika pande mbili za uso, huu ndio ulio bora. Mtu yu ukingoni mwa kaburi, na bado yachaguliwa pembe ya kuonyeshwa watu! Hayo ndiyo madaraka.

Picha zote mbili zimo katika jumba la National Gallery, London. Mwenye kujaliwa kufika huko asiishie kwenye ile kubwa. Joho la yule aliyesimama halitwambii ila lile alilotaka mwenyewe tulijue. Vichwa vile vitatu vyatwambia yaliyosalia.