Madodoso ya kulipwa: riziki ndogo inayodai ukweli mwingi

Saa nne za usiku, watoto wamekwisha lala na vyombo vimeoshwa, mama mmoja wa jijini Tanga huketi ukumbini na simu yake mkononi akijibu maswali. Unafulia sabuni ya mche au ya unga? Nani huamua cha kununua nyumbani kwenu? Una watoto wangapi? Akifika swali la kumi na mbili, hutokea maandishi ya kumshukuru na kumwarifu kuwa kwa bahati mbaya utafiti huu haumhusu. Senti moja hapati. Usiku wa nne ulipopita kwa namna hiyo, alituandikia: "Assalaam alaykum, dada. Jirani yangu amenishauri nijibu kwamba tuna gari na mume wangu ni meneja, ndipo nitapita. Je, fedha hiyo itakuwa halali?"

Swali hili lina uzito, wala halijibiki vyema kabla hatujaieleza biashara yenyewe.

Mtengenezaji wa sabuni, benki au shirika la afya huhitaji kujua watu wananunua nini, wanaugua nini na wanafikiri nini. Zamani kampuni za utafiti zilituma vijana kubisha hodi mlango kwa mlango, na mpaka leo hutuma. Lakini simu ni rahisi zaidi. Ipo GeoPoll, ambayo huwahoji watu wa nchi kadhaa za Afrika kwa ujumbe mfupi na kuwazawadia muda wa maongezi. Ipo Toluna, ambayo humwekea mhojiwa pointi mpaka zifikie kiwango cha kubadilishwa. Zote mbili zinanunua kitu kimoja, nacho ni jibu la kweli la mtu wa kweli. Kubonyeza simu hakuna bei.

Hapo ndipo ilipo sababu ya yule mama kukataliwa. Mteja huagiza wahojiwa wa aina maalumu: tuseme wanawake wa mjini wenye watoto walio chini ya miaka mitano, idadi kadhaa, basi. Idadi ikitimia mlango hufungwa, hata kama unazo sifa zote. Maswali ya mwanzo ni chekecheo tu, na kwa kawaida chekecheo halilipwi, au hulipwa kidogo mno.

Tupige hesabu ya mfano. Dodoso la dakika 20 linalipa nusu dola, na kabla ya kulipata umepoteza dakika 10 katika mengine yaliyokukataa. Nusu saa imekwenda kwa nusu dola. Kama kiwango cha chini cha kutoa fedha ni dola 10, utahitaji madodoso 20, yaani saa kumi za kazi. Ukipata mawili kwa wiki, fedha utaiona baada ya wiki kumi. Toa humo gharama ya kifurushi cha intaneti. Mwenye kukaanga vitumbua asizime jiko lake kwa ajili ya jambo hili.

Aidha, kabla ya kujiandikisha tazama malipo yanapitia wapi. Kadi ya zawadi ya duka lililoko Marekani hainunui unga Tanga. Majukwaa mengine, Prolific likiwa mojawapo, huandikisha wakazi wa nchi maalumu tu, na wapo vijana wetu wanaotumia programu za kuficha mahali walipo ili waonekane wako Uingereza. Hufanya kazi mwezi mzima, na siku ya kutoa fedha hukuta akaunti imefungwa.

Turudi kwenye gari lisilokuwepo. Kampuni hizi zina mitego yake: swali la umri huulizwa mwanzoni na kurudiwa mwishoni kwa sura nyingine, na katikati huchomekwa sentensi isemayo chagua jibu la tatu, ili anayebonyeza bila kusoma ajulikane. Lakini hata mitego hiyo isingekuwepo, mnunuzi amelipia ukweli akauziwa uongo. Hii ni ghushi, kama ilivyo ghushi kutia maji kwenye maziwa, na katazo lake halihitaji ufafanuzi mrefu. Fatwa ni ya masheikh. Sisi tunasema lile lililo dhahiri. Tena madhara yake hayaishii kwa tajiri wa sabuni. Shirika likiuliza akina mama wanatembea umbali gani kufika zahanati, na nusu yao wakabuni jibu, atakayeumia ni mjamzito wa kijijini.

Lipo na jingine ambalo jirani yule hakuligusa. Madodoso huuliza kipato cha nyumba, maradhi, madeni, hata maelewano ya mke na mume. Hizo ni siri za watu wawili, na mmoja hana haki ya kuziuza peke yake. Zungumzeni kwanza. Unaruhusiwa kuacha swali au dodoso zima. Na yakija ya pombe au kamari, funga, hakuna atakayekudai. Tanzania inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya inayo yake ya mwaka 2019. Lakini siri iliyokwisha kutoka, sheria hairudishi kifuani. Anayekuuliza namba ya siri ya fedha zako za simu hafanyi utafiti, huyo ni mwizi.

Mwizi mwenzake ni yule anayedai ada ya usajili, au fedha ya kukupandisha ngazi ili upate madodoso yanayolipa zaidi, kisha akakutaka ulete wenzako watano. Waliokuwa watu wazima mwaka 2009 wanaikumbuka DECI na zile fedha zilizoitwa mbegu. Mnunuzi wa maoni hukulipa wewe. Ukiona fedha inatoka kwako kwenda kwake, jua hapo hakuna maoni yanayonunuliwa, na shilingi elfu kumi ya ada ya shule usiitume.

Mama wa Tanga tulimjibu kwa maneno haya haya. Alimwonesha mumewe, wakakubaliana maswali ya mshahara yaachwe. Wiki mbili alikataliwa kama kawaida. Kisha likaja dodoso fupi la bei za unga wa sembe sokoni, jambo analolijua kuliko meneja yeyote, akalijibu lote. Zawadi ilikuwa muda wa maongezi wa shilingi elfu moja. Ametuarifu kuwa aliutumia kumpigia mama yake aliyeko Pangani, wakaongea mpaka ukaisha.