Siagi na Mita 1,750: Bei ya Kuanza Mapishi ya Kifaransa Uzeeni Johannesburg

Pakiti ya siagi ya gramu 500 katika duka la kawaida la Johannesburg tuihesabu kwa randi 90. Zipo za chini ya hapo na zipo za juu, lakini 90 itatutosha kwa hesabu. Kima cha chini cha mshahara Afrika Kusini kilichoanza Machi 1, 2025 kilikuwa randi 28.79 kwa saa. Kwa kiwango hicho pakiti moja ilimla mfanyakazi zaidi ya saa tatu za kazi, na hapo hajanunua hata yai. Mtu aliyefikisha miaka 60, watoto wameshaondoka nyumbani, akaamua kwamba sasa ni zamu yake kujifunza mapishi ya Kifaransa, ajue mapema kuwa kitakachomfilisi si bata wala mvinyo. Ni siagi.

Chukua viazi vya kuponda vya Joël Robuchon, mpishi wa Paris aliyejipatia jina kwa chakula hicho cha kawaida kabisa. Kipimo alichokichapisha ni gramu 250 za siagi kwa kilo moja ya viazi. Ni nusu pakiti, yaani randi 45, kwa kitu cha kuwekwa pembeni mwa sahani. Keki za matabaka ndizo balaa zaidi: unga na siagi hukaribiana uzito, kinyunya hukunjwa kikawa matabaka matatu, kikapumzishwa, kikakunjwa tena, hadi mizunguko sita. Piga hesabu: tatu kwa tatu mara sita ni matabaka 729. Ukikosea mzunguko wa pili siagi ikapasua unga, mizunguko minne iliyobaki haitakuokoa.

Serikali nayo ina mkono wake. Kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 15 tangu Aprili 2018, lakini baadhi ya vyakula vya msingi hutozwa sifuri: mayai ya kuku, maziwa, mboga na matunda mabichi, dengu, maharage makavu, mchele, mkate wa kahawia. Aprili 1, 2019 ukaongezwa unga wa ngano wa keki na ule wa mkate mweupe. Siagi haimo. Krimu haimo, jibini haimo, nyama haimo. Hata mafuta yamebaguliwa: ya mimea ya kupikia yamesamehewa, ya zeituni yanatozwa. Ukiisoma orodha hiyo kwa jicho la mpishi utadhani aliyeiandika aligombana na Wafaransa. Katika zile randi 90, randi 11 na senti 74 ni kodi.

Lakini orodha hiyo hiyo inaonyesha mlango wa kuingilia. Kimanda cha Kifaransa ni mayai matatu yasiyo na kodi na gramu 15 za siagi, ambazo kwa bei yetu ni randi 2.70. Baguette ya dukani ina kodi, unga wa kuioka mwenyewe hauna. Supu ya vitunguu ya watu sita inataka kilo moja ya vitunguu, gramu 50 za siagi (randi 9), mchuzi wa mifupa, mkate uliokauka kidogo na jibini ya kuwekwa juu. Vitunguu huuzwa kwa magunia ya kilo 10, na soko kuu la mazao la City Deep limejaa magunia hayo.

Kinachodaiwa na supu hiyo ni saa moja mbele ya jiko. Dakika 20 za kwanza vitunguu vinatoa maji tu na kulainika. Kufikia 40 vimeshuka hadi robo ya sufuria na vimeanza umanjano. Kisha chini hushika ukoko wa kahawia. Hapo unatia kijiko cha maji, unaukwangua kwa mwiko, unauchanganya, unasubiri ushike tena. Ukizidisha moto ili umalize kwa dakika 25, utapata vitunguu vichungu vilivyoungua kingo. Kijana anayetoka kazini Sandton saa kumi na mbili jioni, na foleni ile, hana saa hiyo. Mstaafu anayo.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo vitabu vya Paris havikulazimika kulifikiria. Johannesburg iko takriban mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka hapa kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. (Wasomaji wa Nairobi, hesabu hii ni yenu pia; ninyi mko karibu mita 1,800. Wa Dar es Salaam na Mombasa wapite tu.) Hasara ya nyuzi sita inauma kwenye maharage ya cassoulet, viazi na mayai ya kuchemsha. Maharage makavu yapitishe kwanza kwenye sufuria ya presha, bila kuona haya. Anayepika sukari kwa kipimajoto apunguze nyuzi sita: kitabu kikisema 118, yeye aitoe motoni ifikapo 112, la sivyo sukari itakuwa imeshapita.

Ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya upishi huu haiguswi na mwinuko. Kastadi huganda kwenye nyuzi 82 hadi 84, popote ulipo. Nyama ya kupikwa taratibu hutakiwa itetemeke tu, kati ya 85 na 90, isitokote. Moto mdogo wa Burgundy na wa Soweto unafanya kazi ile ile. Chungu cha chuma chenye tako bapa, jamii ya potjie, kinaingia ovenini sawasawa na vile vya rangi kutoka Ufaransa, kwa sehemu ndogo ya bei. Asiyetumia mvinyo asihangaike na boeuf bourguignon, nyama ya ng'ombe ipikwayo kwa mvinyo; bucha za halali za Fordsburg na Mayfair zina nyama, na ratatouille, mchuzi wa mboga, haihitaji hata hiyo.

Kuhusu umri, mfano unaotajwa sana ni mpishi Julia Child wa Marekani. Alizaliwa 1912, akafika Ufaransa 1948, akaingia shule ya upishi ya Le Cordon Bleu 1949 akiwa na miaka 37. Kitabu chake na wenzake wawili kilitoka 1961, kina mapishi 524. Prue Leith, aliyesoma shule Waverley hapa Johannesburg, alianza kupenda upishi akiwa mwanafunzi Paris, mapema zaidi. Lakini televisheni ilipomwajiri kuhukumu keki za Waingereza mwaka 2017 alikuwa na miaka 77. Mimi naona miaka 37 si uzee, na mfano wa Child unatumika vibaya kuwafariji watu wa 65. Hesabu yao ni nyingine: mapishi 524, moja kwa wiki, ni miaka kumi. Mawili kwa wiki ni mitano.

Sasa jumlisha. Kilo moja ya siagi kwa mwezi, randi 180. Oveni saa 12 kwa mwezi, tukadirie uniti 12 kwa randi 3 kila moja, 36. Jumla 216, kabla ya nyama na jibini. Kwa aliyestaafu na akiba, ni bei ya mlo mmoja mkahawani. Kwa anayeishi kwa pensheni ya serikali peke yake, iliyokuwa randi 2,315 kuanzia Aprili 2025, ni zaidi ya asilimia 9 ya kiasi hicho, na simshauri. Yeye aanze na kimanda na supu ya vitunguu: vimanda vinne na supu moja kwa mwezi vitamtaka siagi isiyozidi randi 20.