Sanduku Lisilofungika

Juma lililopita tulikwenda kumuaga kijana wa jirani, hapa Lubumbashi, aendaye Ubelgiji kusoma. Tulimkuta amepiga magoti mbele ya sanduku lake. Jamaa wamejaa nyumbani, kila mmoja ana kifurushi mkononi: shangazi ameleta nyama iliyokaushwa, mama mkubwa ameleta samaki wakavu wa ziwa Moero, na mjomba ana bahasha nene, iliyofungwa, ya kupelekewa rafiki yake huko. Nani athubutu kukataa?

Lakini sanduku lina sheria zake. Makampuni mengi ya ndege humpa abiria kilo 23 kwa sanduku moja. Zikizidi hulipiwa fedha nyingi. Yafaa kuisoma tiketi mapema na kuazima mizani, maana ni aibu kufungua sanduku mbele ya watu na kumrudishia mama unga wake.

Nyama ya shangazi ilibaki. Nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri atokaye Kongo kuingia na nyama wala maziwa. Vikionekana huchukuliwa na kuharibiwa. Samaki wakavu hawana neno, mradi wasipite kilo 20. Mama mkubwa alipopata habari hiyo alipiga kigelegele.

Ikabaki bahasha ya mjomba. Hapo pana hatari kubwa kuliko uzito wote, kwa sababu askari wa forodha hatamwuliza mjomba aliye Lubumbashi, atamwuliza mwenye sanduku, na mwenye sanduku hawezi kujibu, «Sijui, nimepewa tu.» Kijana aliinamisha kichwa, akaona haya. Mama yake ndiye aliyesema kwa upole: «Kaka yangu, uifungue tuone.» Mjomba alinuna, kisha akaifungua. Zilikuwa picha za arusi! Zikafungwa upya mbele ya kijana, naye akazitia mwenyewe.

Vitu vingine havifai sandukuni, kwani sanduku laweza kuchelewa njiani au kupotea. Pasiporti, barua ya chuo, dawa pamoja na karatasi ya daktari, vyote vikae katika mfuko wa mkononi. Vilevile kadi ya chanjo ya homa ya manjano, itakayoulizwa atakaporudi Kongo. Tangu mwaka 2016 chanjo moja yahesabiwa kuwa ya maisha yote. Betri za akiba za simu nazo hukaa hapo, maana zaweza kuwaka moto, na ni heri moto uonekane upesi kuliko kufichika chini katika shehena.

Na baridi? Sisi tunaijua ya mwezi wa sita na wa saba, ila ile ya Ubelgiji ina theluji. Koti zito alivae mwilini, lisihesabiwe katika kilo.

Saa nne ya usiku sanduku lilifungika: kilo 22. Tulipokuwa tukiaga, tulimwona mama akilifungua tena polepole, ana kopo la pilipili ya kusagwa mkononi.