Geuza Mkeka Kabla ya Kuuliza Bei

Mteja akiingia duka la mikeka pale Bagamoyo, macho yake hukimbilia rangi. Hushika ncha ya mkeka, husifia wekundu na zambarau yake, kisha huuliza bei, na akitajiwa hushtuka. Amekuja kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita sabini hivi, na Kariakoo ameshaona mikeka ya plastiki ya ukubwa uleule ikiuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Mwenye duka anayeijua kazi yake hapotezi muda kubishana. Anaugeuza mkeka, anamwonesha mgongo.

Wauza mazulia ya mkono wa Iran, Uturuki na Pakistan hufanya vivyo hivyo. Zulia lililofumwa kwa mkono lina mtande, zile nyuzi zilizotangulia kunyooshwa kwenye kitanda cha mfumaji, na mshindio unaopita katikati yake. Baina ya mshindio mmoja na mwingine mfumaji hufunga mafundo ya sufu au hariri, moja moja, kwa vidole. Ukiligeuza, kila fundo linaonekana, na nakshi ya mbele inasomeka nyuma karibu kwa uwazi uleule. Vishada vya mwisho wa zulia ni nyuzi za mtande wenyewe, si pambo lililoshonewa baadaye. Zulia la mashine ukiligeuza mara nyingi utakuta gundi, au kitambaa cha kufunika, au mistari iliyonyooka mno kuwa ya vidole.

Mazulia hayo pwani hii inayafahamu kwa muda mrefu. Majira ya kaskazi yalileta majahazi kutoka Ghuba mpaka Zanzibar na Mombasa, yakiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia ya Uajemi. Nahodha ndiye aliyekuwa muuzaji. Kusi ilipovuma, yalirudi kwao yamepakia boriti za mikoko, na biashara hiyo iliendelea hadi katikati ya karne ya 20. Bagamoyo yenyewe katika karne ya 19 ilikuwa mji wa maduka ya familia. Aliyejulikana kuliko wote ni Sewa Haji Paroo, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851, ambaye familia yake iliuzia misafara ya bara nguo na shanga, naye akaipatia misafara hiyo wapagazi. Alifariki mwaka 1897, na jina lake bado liko kwenye jengo moja la Hospitali ya Muhimbili. Lakini zulia la sufu lilikuwa la wenye nacho. Watu wengine wote, kuanzia chumba cha bibi harusi hadi msibani, walikalia na kulalia kilichotoka kwenye mikono ya wanawake wa hapa hapa: mkeka wa ukindu, jamvi la miyaa, msala wa kuswalia.

Kwa hiyo mkeka huo tuugeuze. Utaona kwamba si kipande kimoja. Ni kili nyingi, mikanda mirefu iliyosukwa, kisha ikashonwa ubavu kwa ubavu. Kila ukili umesukwa kwa chane, yaani ukindu uliochanwa vipande vyembamba. Tuchukue mkeka wa futi sita kwa nne, wenye ukili wa upana wa sentimita 4. Ili kupata upana wa futi nne utahitaji vipande 30 vya ukili, kila kimoja kikiwa na urefu wa pima moja. Hizo ni pima 30, karibu mita 55 za kusuka, kabla sindano haijaguswa.

Sasa tazama chane zenyewe, kwa maana hapo ndipo bei inapozaliwa. Chane yenye upana wa nusu sentimita inakutana na mwenzake mara 4 katika kila sentimita moja ya mraba. Mkeka wetu mzima una makutano karibu 90,000. Ichane chane hiyo katikati, iwe robo sentimita. Watu wengi hudhani kazi imezidi mara mbili. Haiwi hivyo, kwa sababu chane zimeongezeka upande wa mapana na zimeongezeka pia upande wa marefu. Makutano yanakuwa 16 katika kila sentimita ya mraba, na mkeka mzima unapita 350,000. Kazi imezidi mara nne. Mkeka ni uleule, futi sita kwa nne, na ukiutazama kutoka mlangoni huenda usione tofauti yoyote.

Mazulia yana hesabu hiyohiyo. Zulia lenye mafundo 30 katika sentimita 10 lina mafundo 90,000 kwa mita ya mraba. Lenye 60 lina 360,000. Tukisema mfumaji mzoefu anafunga mafundo 8,000 kwa siku, mita moja ya lile la kwanza inamchukua siku 11 na kidogo, ya lile la pili siku 45. Muuza mazulia anayeelewa hilo hauzi kwa ukubwa pekee. Anahesabu mafundo kwa rula mbele ya mteja, kisha ndipo anataja bei.

Maduka yetu mengi hayafanyi hivyo, na hili ndilo linaloniuma. Duka linanunua ukili kwa pima. Bibi amekuja asubuhi na mafungu yake kichwani, anapokewa kwa shikamoo na kiti, ukili unapimwa kwa mikono iliyonyooshwa, fedha zinahesabiwa. Adabu yote imetimia, ila hakuna aliyeuliza chane ni za upana gani. Bibi aliyesuka chane za robo analipwa sawa na jirani yake aliyesuka za nusu, ingawa ametoa jasho mara nne. Si lazima aambiwe chochote. Msimu ujao atachana chane pana, na binti anayejifunza kwake atajifunza upana huo. Baada ya miaka kadhaa mwenye duka analalamika kwamba wasusi wa zamani wameisha, na kwamba vijana hawataki kazi nzuri. Vijana wanajua kuhesabu, basi. Duka likilipa urefu peke yake, litaletewa urefu.

Tiba yake haina gharama kubwa. Weka rula mezani. Gawa ukili katika madaraja matatu kwa upana wa chane, na bei ya kila daraja ipande kwa kiasi cha kazi, si kwa nyongeza ya kufuta machozi. Tia karatasi ndogo kwenye kila mkeka: daraja la ukili, idadi ya pima, jina la aliyesuka na la aliyeshona akikubali kutajwa, maana mara nyingi si mtu mmoja. Mteja akiona hesabu hiyo mgongoni mwa mkeka, mazungumzo ya bei yanabadilika. Wapo watakaochagua daraja la chini, na ni haki yao. Angalau watajua wameacha nini.

Jambo la pili ni mali kauli. Kwa mwenye duka ni raha: anapokea mikeka kumi bila kutoa senti, inauzwa, ndipo analipa. Lakini aliyebeba mzigo wa kungoja ni msusi, ambaye naye ameshanunua ukindu na rangi. Ukindu mzuri hautoki uani. Mkindu hupenda mahali penye maji, kando ya mito na mabonde kama ya Ruvu na Wami, na upande wa kaskazini sehemu ya nchi hiyo sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako hakukatwi kitu. Anayekata lazima achague kuti changa ambalo bado halijafunguka, na akiacha kilele cha shina bila kukijeruhi, mkindu utatoa tena. Kisha majani huanikwa mpaka yapauke, huchanwa, yanayotakiwa rangi huchemshwa. Zamani weusi ulitoka kwenye mizizi ya mdaa, umanjano kwenye manjano ya jikoni, na wekundu wa udongo kwenye magome ya mkoko. Leo karibu kila mahali ni rangi ya unga ya dukani, na ubora wake haulingani. Pitisha kitambaa cheupe kilicholowa maji juu ya mkeka: kikitoka na rangi, mgeni wako atatoka na rangi hiyo kwenye kanzu yake. Duka linalolipa papo hapo, hata kwa bei ya chini kidogo, hupata chaguo la kwanza la kazi nzuri. Linalokopa hupata kilichobaki.

Misikiti ilikuwa wanunuzi wakubwa wa majamvi na mikeka. Mingi sasa imetandikwa mazulia ya mashine yenye mistari ya safu, na sioni kama itarudi nyuma. Wateja waliobaki ni wa harusi, nyumba za wageni za ufukweni, watalii wanaotoka kutazama magofu ya Kaole na Mji Mkongwe wa Bagamoyo, na watu wa Dar wanaotaka kitu cha sebuleni. Hao wote wana macho ya kufundishika, na ndiyo sababu nasisitiza rula.

Ghalani, adui ni unyevu. Wakati wa masika mkeka uliosimamishwa ukutani huota ukungu nyuma kabla hujauona mbele. Uviringishe, usiukunje, kwa sababu ukindu uliokunjwa hukatika palepale penye kunjo. Viringisha upande mzuri ukiwa ndani, weka kwenye chaga juu ya sakafu, na kila jua likipatikana utoe nje kwa saa chache tu, kwani jua la siku nzima hula rangi na kukausha chane mpaka zivunjike. Mikeka ya maonyesho ya mlangoni ibadilishwe mara kwa mara. Kama unauza pia mazulia ya sufu, hayo nondo huyapenda. Yakung'ute na kuyageuza, usiyaache yamelala gizani miezi.

Kuhusu familia zenye maduka haya nitasema machache, ila ni mazito. Maduka mengi huendeshwa na ndugu bila maandishi, na mzee akifariki, mikeka iliyoko rafuni inakuwa sehemu ya mirathi. Inagawanywa, inauzwa kwa haraka, na deni la wasusi linabaki bila mwenyewe. Ubia kisheria huvunjika mbia mmoja akifariki, isipokuwa mkataba umesema vingine. Kampuni iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, haifi pamoja na mwanahisa: warithi hurithi hisa, mali inabaki dukani. Kaka na dada wanaogawana duka wakae wazungumze wakati baba bado yupo wa kuulizwa, na daftari la wasusi, lenye jina la kila mmoja, daraja la kazi yake na anachodai, liandikwe mahali ambapo zaidi ya mtu mmoja anaweza kulisoma.

Anayetaka mkeka wa chane nyembamba kwa ajili ya harusi asiuagize wiki mbili kabla. Aagize miezi, alipe sehemu ya fedha mbele ili msusi anunue ukindu, na kama kazi itaangukia masika, ahesabu pia kwamba mvua huzuia kuanika. Siku ya kuuchukua, augeuze mwenyewe kabla ya kuuviringisha.