Port ya Burikao si bandari

Ukifungua ramani za zamani za Waingereza, kusini ya Kismayo kabla hujafika Ras Kiamboni, utakuta pameandikwa Port Durnford. Mbajuni ukimwonyesha mahali hapo atakwambia ni Burikao. Msomali atasema Buur Gaabo, na kwa masikio yake hicho ni kilima kifupi. Jina la Kiingereza halikuota mizizi kwa wenyeji. Waingereza wenyewe waliondoka huko mwaka 1925, walipoikabidhi Jubalandi kwa Italia. Lakini hilo neno port halijaondoka, na kwa sisi tunaoishi kwa ukalimani ni katika vineno vidogo vinavyoangusha watu wazima.

Mfikirie mzee wa Kibajuni aliyekimbia vita vya Somalia vya 1991 akavukia Kenya kwa chombo, kisha akafika Ulaya kuomba hifadhi. Anaulizwa aliondoka port gani. Mkalimani mwenye haraka anatia “bandari”. Kwa mzee huyu, bandari ni Kismayo: gati, meli kubwa, forodha, mahamali. Kwao Burikao kuna hori lililoingia ndani baina ya mikoko, na diko, pale wavuvi wanapofikia na vyombo vyao. Basi anajibu, kweli tupu, kwamba kwao hakuna bandari. Afisa mwenye ramani ya Port Durnford mkononi anaweza kuandika kwamba mzee hapajui kwao. Hapo hakuna aliyesema uongo.

Kilatini kilikuwa na maneno mawili ya ukoo mmoja: portus, mahali pa meli kujisitiri, na porta, yaani lango. Kiingereza kimeyarithi yote mawili, yakachanganyika. Sisi bandari tuliipata kwa Waajemi, na haikuja na lango. Hata hivyo wazo lenyewe si geni kwetu. Pwani ile ina miamba iliyojipanga sambamba na nchi kavu, na nafasi ya kupitisha chombo baina yake mabaharia huiita mlango. Ukikosa mlango, bandari iliyo nyuma yake haikufai kitu.

Kuna na neno la tatu, portare, kubeba. Ndilo lililotuletea ripoti, na hata spoti ukoo wake ni huo, ingawa limepitia kwa Wafaransa likachakaa njiani. Porter wa Kiingereza basi ni watu wawili: anayetokana na porta ni bawabu, anayetokana na portare ni hamali. Mwandishi akikuambia porter alisimama mlangoni, usikimbilie kutafsiri. Tazama kwanza kama amebeba sanduku.

Panaponifurahisha zaidi ni chomboni. Nahodha wa Kiingereza akisema port, hazungumzii pwani kabisa. Anakusudia upande wa kushoto wa chombo, kwa mtu anayetazama omo. Zamani upande huo uliitwa larboard, na wa kulia starboard. Jaribu kuyatofautisha maneno hayo mawili upepo unapovuma na tanga linapiga kelele! Mwaka 1844 wakuu wa jeshi la maji la Uingereza waliamuru larboard iachwe, isemwe port. Sababu ya kuchagua port ni ya kale: kasia la kuongozea lilifungwa kulia, kwa hiyo chombo kiliegeshwa gatini kwa ubavu wa kushoto ili kasia lisivunjike. Mpaka leo taa ya upande huo ni nyekundu, na ya kulia ni kijani.

Nimewahi kusoma tafsiri iliyoiita port “demani”. Ni kosa, ingawa ni kosa la mtu aliyekaa na mabaharia. Nahodha wetu wa tanga hugawa chombo kwa upepo: goshini ndiko unakotoka, demani ndiko unakokwenda. Chombo kikigeuzwa, goshini inakuwa demani. Port haigeuki, ni ubavu uleule wa chombo hata upepo uhame. Tena tusiwacheke Waingereza kwa wingi wa maana zao, maana demani yetu ni kamba ya tanga, ni upande, na ni msimu wa pepo nyepesi kusi inapokwisha. Mgeni asomaye kwamba watu walisafiri wakati wa demani atatafuta kamba.

Port ya kunywewa ni divai tamu ya Ureno iliyopewa jina la mji wa Porto, na mji wenyewe maana yake ni bandari. Ile ya kompyuta ni tundu la kuchomekea waya, na “tundu” yatosha. Pasipoti kila mtu anayo kinywani, kama hana mfukoni: asili yake ni ruhusa ya kupita. Kupita bandarini au langoni, wanazuoni bado wanabishana, nami nawaachia.

Kwa hiyo, ndugu mkalimani, usiweke bandari kabla hujajua unaambiwa mahali, ubavu wa chombo, tundu au chupa. Na mzee wa Burikao usimuulize bandari. Muulize chombo alikipandia wapi.