Haki za Askari Wastaafu (Sehemu ya Pili): Utumishi Usio na Karatasi

Juma lililopita tulitenganisha maneno matatu ambayo wengi wetu huyachanganya. Kiinua mgongo ni fedha anayolipwa askari kwa mkupuo anapoagwa. Pensheni ni malipo ya kila mwezi hadi mwisho wa uhai wake. Mirathi ni kile wanachodai waliobaki baada ya kumzika. Tulieleza pia kwamba askari wa JWTZ hakukatwa mchango wa mfuko kama alivyokatwa mwalimu au muuguzi. Pensheni yake hutoka Hazina, na kwa sababu hiyo zogo la kikokotoo cha PSSSF, mfuko ulioanza kazi Agosti 2018, halimhusu. Leo tuligeukie swali linalowakwamisha wazee wa Tabora, Urambo, Sikonge na Nzega: utathibitishaje kwamba ulitumika?

Swali hili ni kongwe. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wazee wa Kiafrika waliopigana chini ya Paul von Lettow-Vorbeck katika Vita Kuu ya Kwanza. Inasimuliwa kwamba mtu wa benki alifika Mwanza kugawa fedha hizo, na wazee wapatao 350 wakajipanga mbele yake. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare zilizochakaa, na wengine hawakuwa na kitu. Yule mtu wa benki akamkabidhi kila mzee fagio, akaanza kutoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Mzee mmoja baada ya mwingine aliliweka fagio begani, akalishusha, akasimama wima kama alivyofundishwa ujanani. Hakuna aliyekosea.

Wanyamwezi na Wasukuma walikuwa wengi katika jeshi lile la Wajerumani, kwa hiyo kisa hicho kinatuhusu sana sisi wa ukanda huu. Lakini wazee wetu wa leo wasikitegemee. Dirishani Hazina hawatapewa fagio, wataombwa karatasi.

Tabora imeyajua machungu ya kazi isiyoandikwa tangu enzi za misafara. Njia ya Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapa, na wapagazi wa Kinyamwezi waliibeba biashara yote ya njia hiyo mabegani. Kila mzigo, aghalabu wa frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, ulikuwa na alama na mwenyewe. Mpagazi aliyeugua na kuachwa njiani hakuwa na daftari la kumkumbuka. Vita ilipofika, na Wabelgiji wakauteka mji wa Tabora tarehe 19 Septemba 1916, mabega yale yale yakabebeshwa risasi na vyakula vya majeshi. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa vita walikufa Afrika Mashariki, wengi wao kwa maradhi na njaa. Vita ilipokwisha, mishahara mingi haikuwafikia wenyewe wala jamaa zao, kwa kuwa majina yaliandikwa ovyo na vijiji havikutajwa. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya wapagazi hao wa vita. Mji umebaki na jina lao, na watoto wao hawakupata mshahara.

Katika Vita Kuu ya Pili walikwenda Keya, askari wa King's African Rifles. Walipigana Ethiopia, wakavuka bahari hadi Burma, na Desemba 1944 divisheni yao ya Afrika Mashariki ikauteka mji wa Kalewa kando ya mto Chindwin. Jina la mji huo lilikuja kubandikwa kambi ya jeshi hapa Tabora. Nyaraka zilizochapishwa mwaka 2019 zilionyesha jinsi Waingereza walivyowaaga askari hao: mzungu wa cheo cha chini kabisa aliyeishi koloni alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi wa utumishi, na Mwafrika wa cheo hicho hicho shilingi 3 na nusu. Wapo wajane wa Keya ambao bado wa hai. Mzee aliyetumikia Uingereza kabla ya uhuru, au mjane wake, anaweza kuomba msaada wa chakula unaotolewa na umoja wa wanajeshi wa zamani wa Jumuiya ya Madola kupitia Tanzania Legion. Msaada huo ni tofauti na pensheni ya Hazina, na haupatikani usipoombwa.

Baada ya Keya ikaja Tanganyika Rifles, iliyovunjwa kufuatia maasi ya Januari 1964 yaliyoanzia kambi ya Colito, Dar es Salaam, na kufika kambi ya Kalewa siku iliyofuata. JWTZ ikaundwa tarehe 1 Septemba mwaka huo. Anayefuatilia utumishi wa mzee wa kipindi hicho aelewe kwamba anatafuta kumbukumbu za majeshi mawili, na atenganishe miaka ya kila jeshi tangu barua ya kwanza.

Kundi kubwa zaidi kwetu ni la vita ya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia mwishoni mwa Oktoba 1978, walioitwa hawakuwa askari wa kudumu peke yao. Polisi, magereza, vijana wa JKT na maelfu ya mgambo kutoka vijijini waliingia mstari wa mbele, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Vita ilipokwisha, mgambo wengi walirudi kwenye tumbaku na mahindi yao. Hapa ndipo penye jeraha. Pensheni hupimwa kwa miaka ya utumishi wa kudumu, na mgambo hakuwa nao. Alipigwa jua na risasi zile zile, akalala handaki lile lile, lakini kanuni inamtazama kwa jicho lingine. Aliyepata ulemavu vitani, awe mgambo au askari, apeleke dai la ulemavu peke yake, likiwa na cheti cha daktari na maelezo ya wapi na lini aliumia.

Sasa tuje kwenye kazi ya kufanya. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee akiwa bado ana kumbukumbu, kaeni naye jioni moja muandike: namba yake ya jeshi, kikosi, mwaka na mahali alipoandikishwa, mwaka alioacha, majina ya makamanda wake na ya wenzake walio hai. Kusanyeni hati ya kuacha jeshi, barua ya kustaafu, kitambulisho cha pensheni, cha taifa na kadi ya benki. Toeni nakala, na nakala zikae nyumba tofauti na hati zenyewe. Hazina inapotangaza uhakiki wa wastaafu, mzee asiyeonekana anaweza kusimamishiwa malipo, kwa hiyo kijana mmoja wa nyumba hiyo apewe jukumu la kufuatilia matangazo ya Hazina Ndogo.

Hati ya jeshi ikiwa imepotea au kuliwa na mchwa, anzeni kwa Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Yeye ni mwanajeshi, na anajua barua ya kwenda Makao Makuu inavyoandikwa na viambatisho vyake. Majina yakitofautiana, jeshini ameandikwa jina la utotoni na NIDA jina la ubatizo au la Kiislamu, tengenezeni hati ya kiapo mapema. Na mtu akipiga simu akidai ni ofisa wa Hazina na kwamba mafao yatatoka mkitanguliza fedha kidogo, kateni simu. Huyo ni tapeli.

Mjane ana njia yake. Anahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, muhtasari wa kikao cha familia, na uteuzi wa msimamizi wa mirathi katika Mahakama ya Mwanzo. Akina mama wengi wa vijijini hurudishwa kwa kukosa cheti cha ndoa, wakadhani haki yao imekufa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya kimila, na ndoa haibatiliki kwa sababu haikusajiliwa. Hata walioishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi na kujulikana kuwa mume na mke, sheria huwachukulia kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Shemeji asimwambie mjane akae nyumbani asubiri. Kikao cha familia kisichomwita mjane kinaizaa kesi kabla mirathi haijafunguliwa.

Hata hivyo, kuna wazee ambao hata tukitafuta vipi hatutapata karatasi yao. Tuwafanyeje? Zanzibar wamepata jibu ambalo Bara tungelitazama kwa makini. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyefikisha miaka 70 hulipwa pensheni jamii, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi na kupandishwa hadi 50,000 mwaka 2023. Haulizwi kikosi chake wala namba yake, wala mjane haulizwi mumewe alipigana wapi. Anaulizwa umri na makazi, mambo ambayo sheha na majirani wanayajua. Fedha hizo si nyingi, lakini zinamfikia hata yule ambaye daftari lilimsahau. Huku Bara tuna Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomtambua mzee kuanzia miaka 60 na kuahidi matibabu bila malipo kwa asiye na uwezo; pensheni ya wazee wote hatuna. Mimi naamini mgambo wa Kagera ataipata haki yake upesi zaidi kwa mlango huo kuliko kwa kusubiri hati ambayo haikuandikwa mwaka 1979.

Juma lijalo, panapo majaliwa, tutaeleza matibabu: kitambulisho cha mzee hutolewa na nani, dirisha la wazee hospitalini linafanyaje kazi, na familia inayomwuguza mzee asiyeinuka kitandani ianzie wapi. Kabla ya hapo, msomaji mwenye baba au babu aliyevaa kombati amwulize namba yake ya jeshi leo, aiandike.