Mtoto anataka kuwa rubani? Uliza haya kabla ya kugusa mtaji

KISUGU, Kampala – Tuchukue mfano wa nyumba moja hapa Kisugu. Mama amerudi usiku kwa basi kutoka Nairobi na mzigo wa nguo za Eastleigh. Binti yake, aliyemaliza kidato cha sita akiwa na fizikia na hisabati, anamwacha apumzike, kisha anamwambia: "Mama, nataka kusomea urubani." Mama hacheki. Anauliza kama anavyouliza kuhusu bidhaa yoyote: bei yake ni kiasi gani, na faida itaanza kuonekana lini?

Swali hilo linafaa kujibiwa kabla shilingi moja haijatoka.

Shule zenyewe haziko mbali. Kutoka Kisugu unashuka Kabalagala, unatafuta taksi ya barabara ya Entebbe, na kabla ya kufika Entebbe unakuta uwanja mdogo wa ndege wa Kajjansi, ambako mafunzo ya urubani hutolewa. Soroti, mashariki mwa nchi, kuna chuo cha serikali. Anayevuka Busia au Malaba atakuta shule kadhaa katika uwanja wa Wilson, Nairobi.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba urubani haupimwi kwa mihula peke yake. Unapimwa kwa saa za kuruka, na kila saa huandikwa katika daftari la rubani kama wewe unavyoandika mauzo yako. Ndani ya saa hiyo kuna mafuta, injini na mwalimu. Ndiyo maana ni ghali.

Ngazi ya kwanza ni leseni ya rubani binafsi. Viwango vya kimataifa vinataka mtu awe na umri usiopungua miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 katika kozi iliyoidhinishwa. Saa 10 kati ya hizo awe peke yake ndani ya ndege, na afanye safari moja ya kilomita 270 au zaidi akitua katika viwanja viwili tofauti. Hicho ni kiwango cha chini. Wengi huhitaji saa zaidi.

Hapa mzazi awe macho. Leseni hii hairuhusu kulipwa. Binti anaweza kuwarusha ndugu zake waone Ziwa Victoria kutoka juu, lakini hawezi kupokea mshahara kwa kurusha ndege. Mtaji ukiishia hapa, umenunua furaha, hujanunua kazi.

Ngazi inayoleta mshahara ni leseni ya rubani wa biashara: umri wa miaka 18 na saa 200, au 150 katika kozi iliyoidhinishwa. Juu yake kuna idhini za ziada. Moja ni ya kurusha ndege yenye injini zaidi ya moja. Nyingine ni ya kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege, pale mawingu yanapoziba macho. Bila hizo mbili, mlango wa mashirika makubwa haufunguki. Tena kila aina ya ndege kubwa ina mafunzo yake, kama vile dereva wa pikapu asivyokabidhiwa trela siku ya kwanza. Leseni ya juu kabisa, ya rubani wa mashirika ya ndege, inataka miaka 21 na saa 1,500. Saa hizo kwa kawaida mtu huzipata akiwa tayari kazini.

Baada ya hapo kuna suala la mpaka, ambalo wafanyabiashara wanalijua vizuri. Ndege, kama lori, ina namba ya nchi yake. Namba ya Uganda huanza na 5X, ya Kenya 5Y, ya Tanzania 5H. Mkataba wa Chicago wa 1944 unataka rubani wa safari za kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kukubaliwa na nchi ilikosajiliwa ndege. Kwa hiyo anayesomea Wilson akitumaini kurusha ndege ya 5X aulize mapema Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda: leseni ya Kenya itakubaliwa kwa masharti gani, na kwa gharama gani?

Haikukusudiwa iwe hivi. Chuo cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ili Kenya, Tanzania na Uganda zipate marubani na mafundi wa ndege kutoka darasa moja. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, chuo kilibaki mikononi mwa Uganda. Leo Jumuiya mpya ina wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, wenye makao Entebbe, unaooanisha kanuni za nchi wanachama. Kanuni zimekaribiana, lakini leseni bado hutolewa na kila nchi.

Kwa hiyo mama wa Kisugu aandike maswali manne katika daftari lake. Je, shule imeidhinishwa na mamlaka ya nchi, na kwa kozi ipi? Je, bei iliyotajwa inafika leseni ya biashara pamoja na idhini zake, au inaishia leseni binafsi? Saa zikizidi kiwango, kila saa ya ziada ni kiasi gani? Na je, fedha zitatosha bila kusimama? Mwanafunzi anayekaa miezi mitatu kwa sababu ada imeisha hupoteza wepesi wa mkono, na akirudi hulipia tena saa za kujikumbusha.

Ajue pia kwamba baada ya saa 200 hakuna kazi inayomsubiri mtu mlangoni. Wengi huanza na ndege ndogo au kufundisha wengine, huku wakikusanya saa.

Lakini kabla ya yote hayo kuna hatua isiyo ghali ukilinganisha na ada: kipimo cha afya cha daraja la 1, kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga. Bila cheti hicho leseni ya biashara haitolewi, hata ada ikiwa imelipwa yote. Safari ya kwanza ya mama na binti yake isiwe ya Kajjansi. Iwe ya kwa daktari.